Maswali yanayoulizwa kila siku: faili za ramani na skripti zikigoma kwenye AutoCAD na QGIS

Ukurasa huu ni wa wachoraji, wapima na vijana wa mipango miji wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na majirani zetu. Maswali yanayokuja ni yaleyale, "faili imekufa", "ramani imehama", "skripti haifanyi kazi", na ukichunguza unakuta faili nyingi hazijafa wala programu haina shida, ila namba zimesafiri bila maelezo ya hizo namba ni za nini. Kwa hiyo kabla hujaanza kusogeza kitu kwa amri ya MOVE ili "kikae", soma kwanza hapa, maana huo mpaka unaousogeza kwa macho ni shamba la mtu.

Mkuu, nimetumiwa shepufaili kwa WhatsApp, nikifungua inagoma. Imeharibika?

Umetumiwa .shp peke yake, sivyo? Shepufaili siyo faili moja, ni kundi la faili zenye jina moja zinazotakiwa kukaa folda moja. Kwenye .shp kuna maumbo, .shx ni faharasa yake, .dbf ni jedwali la taarifa, hizo tatu ni lazima. Halafu kuna .prj inayosema koodineti ni za mfumo gani, na .cpg inayosema herufi zimeandikwaje. Mwambie aliyekutumia azipu folda nzima ndo atume. Na wewe ukitaka kubadilisha jina badilisha zote kwa pamoja, ukibadilisha moja tu umevunja kundi.

Kama mnaotumiana wote mnatumia QGIS basi achaneni na shepufaili, tumieni GeoPackage, ni faili moja tu ya .gpkg na kila kitu kimo humohumo.

Imefunguka ila haina .prj. Nitajuaje ni mfumo gani?

Soma namba zenyewe. Weka kasa juu ya kona yoyote uangalie, au tumia amri ya ID kwenye AutoCAD, halafu linganisha hivi.

Ukiona kitu kama 33.45 na -8.9 hizo ni digrii, longitudo na latitudo za Mbeya mjini. Ukizimwaga kwenye mchoro wa mita jiji zima la Mbeya linakuwa nukta isiyofika hata mita moja, tena karibu kabisa na sifuri, ndo maana unaona tupu na unasema faili haina kitu. Ukizilazimisha QGIS kwamba ni mita za Web Mercator, mfumo wa ramani za mtandaoni, mji wako unaenda kukaa Ghuba ya Guinea, baharini, magharibi mwa Afrika.

Ukiona E (mashariki) kama 549,000 hadi 550,000 na N (kaskazini) kama 9,015,000 hizo ni UTM, gridi ya mita iliyogawanywa kwa zoni, zoni 36 Kusini na upo Mbeya mjini. Iringa mjini E inakuwa karibu 797,000 na N karibu 9,140,000. Kwa huku kwetu N siku zote ni tarakimu saba na inaanza na 9, au na 8 ukishuka kusini zaidi kama Njombe, Tunduma na Songea, kwa sababu kusini mwa ikweta UTM inaanzia milioni kumi na kushuka. Ukiona N ni hasi, mfano -984,000, kuna mtu alichagua zoni 36 Kaskazini badala ya Kusini, makosa ya kubofya mstari wa juu yake kwenye orodha, basi. Kwenye QGIS, ambako kila mfumo una namba yake ya EPSG, 36 Kaskazini ni EPSG:32636 na yetu ni EPSG:32736, zinafanana mno ukiwa na haraka.

Na ukiona Iringa mjini ina E ya 135,000 hivi, aliyeandaa alitumia zoni 37.

Kwani Iringa ni zoni 36 au 37? Kila ofisi inasema yake.

Mpaka wa zoni hizi mbili ni longitudo 36 Mashariki. Mbeya, Tunduma, Njombe, Makambako, Mafinga na Songea zote ziko 36 bila ubishi. Iringa mjini iko kama 35.7, nayo ni 36, ila ukishika barabara kuu kwenda Morogoro mstari unaukatiza njiani, ukifika Ruaha Mbuyuni tayari uko 37. Wilaya ya Kilolo inakaliwa na zoni zote mbili, hapo ndo panapozaa ugomvi.

Kama mradi wako una vijiji pande zote mbili chagua zoni moja kwa mchoro mzima, kwa kawaida ile yenye eneo kubwa, na uandike kwenye kichwa cha mchoro kwa herufi zinazosomeka. Usichore nusu 36 nusu 37 halafu uunganishe kwa kukokota.

Mchoro wa zamani wa mipango miji na picha ya droni havikubaliani, vimeachana kama mita 300. Nimesogeza vikakaa. Nimekosea?

Ndiyo, rudisha kwanza. Hiyo mita 300 siyo bahati mbaya, ndo alama ya Arc 1960. Michoro na upimaji mwingi wa zamani Tanzania uko kwenye datamu (msingi ambao koodineti zinahesabiwa kutoka kwake) ya Arc 1960, ambayo inatumia umbo la dunia la Clarke 1880, na GPS yako na droni vinatoa WGS84. Sehemu ileile ya ardhi ina namba tofauti kwenye datamu hizi mbili, tofauti inafika karibu mita 300 kwa kaskazini-kusini na makumi ya mita kwa mashariki-magharibi. Kwenye QGIS Arc 1960 zoni 36 Kusini ni EPSG:21036, zoni 37 ni EPSG:21037. Za WGS84 ni 32736 na 32737.

Kwa nini usisogeze kwa mkono? Kwa sababu umesogeza kwa kulinganisha kona ya paa na kona ya kiwanja, na paa kwenye picha ya droni linaweza kuwa limeinama, na tofauti yenyewe haiko sawasawa kila mahali, na kesho mwenzako akipokea mchoro wako ataona kichwa kinasema Arc 1960 wakati namba siyo Arc 1960 tena wala siyo WGS84, ni namba zako mwenyewe. Hapo hakuna programu itakayousaidia huo mchoro.

Njia sahihi ni kuipa leya mfumo wake wa kweli kwanza, halafu uibadilishe. QGIS itakuuliza utumie vigezo gani vya kutoka Arc 1960 kwenda WGS84, kuna seti zaidi ya moja na zinapishana kwa mita kadhaa, kwa hiyo kwa ramani ya kuangalia inatosha ila kwa bikoni (alama za mpaka) haitoshi. Kwa mipaka nenda ukapime bikoni za zamani zilizopo kwa GNSS (GPS ya upimaji), ulinganishe na namba zake kwenye mchoro, hiyo ni kazi ya mpima aliyesajiliwa. Na siku hizi kuna TAREF11, fremu mpya ya taifa, uliza kazi yako inatakiwa itoke kwenye ipi kabla hujaanza kuchora.

"Kuipa leya mfumo" na "kuibadilisha" si kitu kimoja?

Hapana! Hili ndo linaua kazi za watu kuliko yote. Kuipa mfumo, yaani ukibofya leya ukachagua CRS (mfumo wa koodineti), hakugusi namba hata moja, ni kama kubandika lebo kwenye gunia. Kubadilisha, yaani kuhamishia mfumo mwingine na kusevu faili mpya, kunapiga hesabu na kuandika namba mpya. Ukiwa na leya ya Arc 1960 ukaibandika lebo ya 32736 hujaibadilisha, umeidanganya.

Na QGIS ina huruma sana, inapanga leya zote zikae vizuri kwenye skrini hata kama kila moja ina mfumo wake. Unaona zimelingana, unaekspoti DXF (faili ya kubadilishana michoro), ukifungua AutoCAD zimetawanyika. Mfumo unaohesabika ni ule uliochagua kwenye kidirisha cha kuekspoti, siyo ulichokiona kwenye skrini. DXF yenyewe haibebi jina la mfumo kwa namna ya kutegemea, kwa hiyo liandike kwenye jina la faili: uyole_viwanja_utm36s_wgs84.dxf. Jina refu halimdhuru mtu.

AutoCAD yangu haina sehemu ya kufungua shepufaili kabisa.

AutoCAD ya kawaida haifungui. Inatakiwa Map 3D au Civil 3D, kule kuna amri ya MAPIMPORT. Upe mchoro mfumo kwanza kwa MAPCSASSIGN, kwa huku kwetu kodi ni UTM84-36S, ndo uimpoti, vinginevyo namba zinaingia kama zilivyo bila kubadilishwa. Na kwa viwanja tiki ile sehemu ya kuingiza poligoni kama polilaini zilizofungwa, usipotiki unapata vitu ambavyo huwezi kuvihariri kama ulivyozoea.

Huna Map wala Civil? Fungua kwa QGIS, ekspoti DXF. Ukitaka majina ya vijiji na namba za viwanja zije kama maandishi usisevu leya mojamoja, nenda kwenye menyu ya mradi uekspoti mradi mzima kwenda DXF, lebo zinakuja.

KML ya Google Earth nayo?

KML siku zote ni WGS84 ya digrii, na inaandika longitudo kwanza ndo latitudo. KMZ ni KML iliyozipiwa. Ipeleke QGIS, ekspoti DXF kwa 32736. Ila tafadhali, mstari uliochorwa kwa kufuata picha ya Google Earth usigeuke kuwa mpaka wa kiwanja cha mtu, picha zile zinaweza kuwa zimehama mita kadhaa.

Safu za jedwali langu zimejichanganya majina baada ya kusevu.

Shepufaili inaruhusu herufi 10 tu kwenye jina la safu. Sasa wewe una jina_la_kijiji na jina_la_kitongoji, zote mbili zikikatwa zinakuwa jina_la_ki, programu inaipa mojawapo jina la kubuni na wewe hujui tena ipi ni ipi. Andika kijiji, kitongoji, kata, basi.

Nikitafuta kijiji cha Ng'ang'ange QGIS inatoa kosa.

Hiyo alama ya juu ndo inafunga sentensi kabla ya wakati. Iandike mara mbili: "kijiji" = 'Ng''ang''ange'. Na kagua jedwali zima kama alama ni ileile, simu zinaweka ile iliyopinda na kompyuta inaweka iliyonyooka, kwa kompyuta hayo ni majina mawili tofauti na hesabu yako ya kaya itapungua bila kujua.

Pointi kutoka Excel zinaingia zimekaa upandeupande au zimejipanga kama ngazi.

Upandeupande: umegeuza N na E. Wapima wengi huandika N kwanza, AutoCAD inataka E kwanza.

Kama ngazi: Excel imekula desimali. Seli ikionyesha 9.01E+06, ukisevu CSV inasevu hichohicho unachokiona, siyo namba iliyo nyuma yake. Panua safu, weka desimali tatu, ndo usevu. Kisha ifungue CSV kwa Notepad uhakiki kwa macho, maana ukiifungua tena kwa Excel itakuonyesha inavyotaka yenyewe.

Kwa skripti ya .scr (faili ya amri za AutoCAD zilizopangwa) kumbuka nafasi ni sawa na kubonyeza Enter. 549872.31,9014530.62 iandikwe imeshikana, ukiacha nafasi baada ya koma imekatika hapo. Na mstari wa mwisho uishie na Enter, usipoweka amri ya mwisho inabaki inaning'inia. Pointi zisipoonekana weka PDMODE 3.

Umbali kwenye mchoro na umbali wa tepu uwanjani havilingani. Nani muongo?

Hakuna muongo, na hili watu wa nyanda za juu inabidi tulielewe kuliko watu wa pwani. UTM inabana na kutanua umbali kulingana na ulivyo mbali na mstari wa katikati wa zoni, ambao kwa zoni 36 ni longitudo 33, pale katikati unazidisha kwa 0.9996. Halafu sisi tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na umbali ukishushwa hadi usawa wa bahari unapungua tena kidogo.

Mbeya iko karibu na mstari wa katikati na iko juu, kwa hiyo vyote viwili vinapunguza, kilometa moja ya ardhini inasoma kama sentimita 60 na ushee pungufu kwenye gridi. Iringa mjini iko mwishoni mwa zoni, kule UTM inatanua, hata ukitoa athari ya mwinuko bado kilometa moja inasoma kama sentimita 40 na ushee zaidi. Ofisi moja ikichukua kazi ya Iringa na ya Mbeya inaona makosa yanayokwenda kinyume na inaanza kulaumu mashine. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 hutaona kitu. Kwa barabara, mfereji wa umwagiliaji kule Mbarali au laini ya umeme utaona, na fundi atakuja kukuuliza. Tumia skeli fakta (kizidishio cha umbali) ya eneo husika na uiandike kwenye mchoro, usiipigie SCALE mchoro mzima kimyakimya.

Hachi (mistari ya kujazia eneo) na maandishi yanatetemeka, mtu kanishauri nihamishie mchoro kwenye sifuri.

Usihamishe. Namba za mamilioni zinasumbua hachi, kweli, lakini weka chanzo cha hachi karibu na kazi yako kwa HPORIGIN, au tumia UCS (mfumo wako wa muda wa koodineti). Koodineti zibaki zilipo.

Blok niliyoingiza imekuwa kubwa mara elfu.

Angalia INSUNITS, kipimo cha mchoro. Mita ni 6, milimita ni 4. Wasanifu wa majengo wanachora kwa milimita, sisi wa ardhi kwa mita.

DWG (faili ya mchoro ya AutoCAD) inasema imetengenezwa na toleo jipya.

Ifungue kwa Notepad, herufi sita za mwanzo zinakuambia toleo: AC1032 ni fomati ya 2018, AC1027 ya 2013, AC1024 ya 2010, AC1021 ya 2007, AC1018 ya 2004. Mwombe aliyekutumia asevu kwa la chini.

Nimepakia LISP (skripti ya AutoCAD) kwa APPLOAD, inasema imepakiwa, nikiandika jina lake inasema amri haijulikani.

Jina la faili siyo jina la amri. Ifungue kwa Notepad utafute (defun c: na neno linalofuata baada ya c: ndo unaandika. Faili inaweza kuitwa viwanja.lsp na amri yake ikawa NK.

Inaleta "malformed list on input" au "malformed string".

Ya kwanza ni mabano, kuna moja halijafungwa, mara nyingi kwa sababu ulikopi ukaacha mstari wa mwisho. Ya pili ni alama za nukuu. Kodi ikipita kwenye WhatsApp au Word kama maandishi zile nukuu zilizonyooka zinageuka kupinda na AutoLISP haizijui. Fungua Notepad, tafuta na ubadilishe zote. Tena angalia Windows haijaficha kwamba faili yako ni viwanja.lsp.txt. Tumianeni skripti kama faili iliyozipiwa, siyo kama ujumbe.

Ikisema "no function definition: VLAX-..." ongeza (vl-load-com) mstari wa kwanza kabisa.

Skripti inachora ila mistari inaruka kwenda kwenye kona zisizo zake. Na nikiikatisha, osnap (vinasa kona vya AutoCAD) zote zinakufa.

Haya ni matatizo mawili ya mama mmoja. Skripti ikiita amri ya LINE huku osnap zimewashwa, AutoCAD inainasa ile pointi kwenye kona ya karibu kwenye skrini kama vile umebofya wewe, kwa hiyo ukiwa umezumu mbali viwanja vinashikana vyenyewe. Hii ni hatari sana kwa sababu mchoro unaonekana mzima. Andika "_non" kabla ya kila pointi:

(command "_.line" "_non" p1 "_non" p2 "")

Wengine wanazima kwa (setvar "OSMODE" 0) mwanzoni na kurudisha mwishoni, ila ukibonyeza Esc katikati ule mwisho haufikiwi, osnap zinabaki zimezimwa. Ndo zile unaona "zimekufa". Zirudishe kwa amri ya OSNAP, kisha dai skripti iwe na *error* (sehemu inayofanya kazi skripti ikikatizwa) inayorudisha mipangilio. Ukiona ukifungua faili hakuji kidirisha bali AutoCAD inauliza jina kwa maandishi, ni stori hiyohiyo, andika FILEDIA uweke 1.

Kila nikifungua AutoCAD naulizwa kama naiamini faili. Nizime SECURELOAD?

Usizime, na hapa nasisitiza. Tengeneza folda moja ya skripti zako, iongeze kwenye TRUSTEDPATHS, pakia kutoka hapo, ukitaka zijipakie zenyewe ziweke kwenye Startup Suite ndani ya APPLOAD. Ukiona acad.lsp, acaddoc.lsp au acad.fas kwenye folda ya mradi uliyoletewa na flashi na hakuna anayejua imetoka wapi, usiipakie, hivyo ndivyo virusi vya AutoCAD vinavyosafiri, vinajikopi kwenye kila folda unayofungua. Mwaka 2012 kirusi cha ACAD/Medre.A kilikuwa kinatuma michoro ya watu nje kwa barua pepe, wengi walioathirika walikuwa Peru. Michoro yetu ina majina na mipaka ya wananchi.

Nina AutoCAD LT, LISP hazikubali.

LT imeanza kukubali AutoLISP kuanzia toleo la 2024. Chini ya hapo hapana, tumia .scr.

Plagini ya QGIS niliyopewa haitokei kwenye orodha.

Kama iliandikwa kwa QGIS 2 haitafanya kazi kwenye 3, maana 2018 QGIS 3 ilipotoka ilihamia Python 3. Fungua metadata.txt ndani ya zipu uone qgisMinimumVersion. Na uisakinishe kama zipu kupitia meneja wa plagini, ukiwa umehakikisha ndani ya zipu kuna folda moja yenye jina la plagini, siyo folda ndani ya folda, maana ukiizipu mwenyewe mara ya pili inapata ganda la ziada na QGIS haiioni.